Asilimia 100.01: hesabu, hasira na vyama vyetu

Leo sitaandika kuhusu Linux wala jinsi ya kuokoa mafaili kutoka kwenye diski iliyokufa. Leo ni siasa. Najua wako wanaokuja hapa kukimbia siasa, nawaomba radhi, lakini nivumilieni kwa sababu siasa za Kenya zimeingia uwanjani mwetu muda mrefu sasa. Nchi ambayo watu wazima wamewahi kuandamana wakitaka "seva zifunguliwe" ni nchi ambayo mwandishi wa programu hana pa kujificha. Ukikaa baraza yoyote hapa Bamburi na watu wakajua kazi yako ni kompyuta (au tarakilishi, kama walivyopenda kuiita walimu wetu), utaulizwa tu: "Hebu wewe msomi wa mashine tuambie, kura ziliibwa au haziku'bwa?"

Na jibu lolote utakalotoa, upande mmoja utasema umeongea kwa hoja, na upande wa pili utasema umeongea kwa hisia.

Haya maneno mawili, hoja na hisia, ndiyo ninayotaka tuyafungue kama tunavyofungua mashine iliyogoma. Nayasikia kila siku. Nayasikia kwenye matatu ya kwenda mjini tukiwa tumekwama pale Daraja la Nyali, nayasikia redioni, nayasikia kwa watu waliosoma zaidi yangu. Kila mtu anaamini kwamba chama chake kinafikiri na chama cha mwenzake kinalia. Sijawahi kukutana na mtu aliyesema "mimi nauunga mkono upande huu kwa hasira tu, hoja sina." Wewe umewahi?

Tuanze na mfano ambao ni wa fani yetu kabisa. Fungua kikokotoo kwenye simu yako.

Tarehe 15 Agosti 2022 mwenyekiti wa IEBC, Wafula Chebukati, alitangaza matokeo ya urais. William Ruto kura 7,176,141, asilimia 50.49. Raila Odinga kura 6,942,930, asilimia 48.85. George Wajackoyah kura 61,969, asilimia 0.44. David Mwaure kura 31,987, asilimia 0.23. Makamishna wanne kati ya saba walikuwa wamejitenga na matokeo hayo, na kesho yake makamu mwenyekiti Juliana Cherera akasoma sababu zao. Moja ilikuwa hii: ukijumlisha asilimia zile nne unapata 100.01. Hiyo 0.01 ya ziada, wakasema, ni takriban kura 142,000.

Jumlisha mwenyewe. Kweli ni 100.01. Hapo hawakudanganya.

Sasa fanya hatua ya pili ambayo wengi hawakuifanya. Jumlisha kura zenyewe, utapata 14,213,027. Gawanya kura za kila mgombea kwa jumla hiyo na usikadirie haraka. Acha nafasi tatu za desimali. Ruto 50.490, Raila 48.849, Wajackoyah 0.436, Mwaure 0.225. Jumlisha: 100.000. Kilichotokea ni kwamba ukikadiria hadi nafasi mbili, wote wanne wanasogea juu. Hakuna hata mmoja aliyeshuka. Visehemu hivyo vinne vidogo vikikutana vinatengeneza 0.01. Ni kama duka ambalo kila bei imesogezwa hadi shilingi kamili; ukijumlisha risiti haitalingana na hesabu ya senti. (Na wale wenye udadisi: jaribuni nafasi nne za desimali. Mtapata 100.0001. Tafadhali msifungue kesi nyingine.)

Halafu zile kura 142,000. Asilimia 0.01 ya milioni 14.2 ni kura 1,421. Kura 142,000 ni asilimia moja nzima. Walikosea mara mia. Ni hesabu ya shule ya msingi, na ilisomwa mbele ya kamera za dunia nzima na watu walioajiriwa kuhesabu kura.

Kwa hiyo dai lile lilikuwa mbovu, na nasema hivyo bila kupepesa macho. Lingetoka kwa Kenya Kwanza au kwa Azimio au kwa malaika, lingekuwa mbovu vilevile.

Lakini sikiliza kilichofuata. Wiki zile nilimchorea hesabu hii mzee mmoja muuza kahawa pale Mtamboni, kwenye kipande cha gazeti alilokuwa akifungia kashata. Mzee wa Azimio damu. Akafuatilia namba moja moja, taratibu, akatikisa kichwa kukubali. Mwishowe akasema: "Mwanangu, hesabu yako nimeifahamu. Hapo umenishinda. Sasa nambie, mwaka wa elfu mbili na saba hesabu ilikuwa wapi?"

Kijana mmoja fundi wa simu aliyekuwa akisikiliza akacheka. "Waona? Hoja zimekwisha, sasa mzee aleta hisia."

Nilimkatalia yule kijana wakati ule na namkatalia hadi leo. Mzee hakuleta hisia. Alileta data.

Tuipitie data ya mzee. Desemba 2007 matokeo yalitangazwa jioni, rais akaapishwa usiku huo huo, na siku chache baadaye mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, akakiri kwamba hajui kama Kibaki ndiye aliyeshinda. Watu zaidi ya 1,100 wakafa. Tume ya Jaji Kriegler ikachunguza na kusema kwamba uchaguzi uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Mwaka 2013 tukaletewa mitambo, mitambo ikazimika, upashaji wa matokeo kwa simu ukasimama katikati. Na kabla ya kusimama, kulikuwa na jambo ambalo kila mwandishi wa programu anapaswa kulikumbuka: kura zilizokataliwa zilikuwa zikionekana kwenye skrini kwa maelfu na maelfu, hadi tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa na mdudu, inazidisha kura hizo mara nane. Mara nane! Siku zile waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu kura zilizokataliwa ni Jubilee, kwa sababu zikihesabiwa zingemshusha mgombea wao chini ya nusu. Uhuru Kenyatta alipita na asilimia 50.07, kwa hiyo wasiwasi wao ulikuwa na msingi.

Na mwaka 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume, mtu wa fani yetu ambaye alikuwa akienda kwenye televisheni kueleza wananchi kwamba mitambo haitachezewa, alipatikana ameuawa. Wewe ungekuwa mzee yule, uje uambiwe "tulia, ni desimali tu," ungetulia?

Programu yoyote inayopokea data kutoka chanzo kilichowahi kutoa data mbovu mara tatu inaandikwa kwa tahadhari. Tunakagua mara mbili. Tunaweka kumbukumbu. Hatumwiti mwandishi wake mtu wa hisia, tunamwita mhandisi makini. Kwa nini mwananchi akifanya hivyo hivyo aitwe mwenye kisirani?

Haya, nisije nikaonekana nimewapaka mafuta Azimio. Tugeuze ukurasa, au tuseme turudi nyuma hadi 8 Agosti 2017, siku ambayo hoja mbovu na lalamiko zuri vilikaa ndani ya mtu mmoja.

Matokeo yalianza kumiminika usiku kwenye skrini. NASA wakaona pengo kati ya Uhuru na Raila limekaa takriban asilimia 11 saa baada ya saa, halisogei, mstari ulionyooka. Wakasema: kuna fomyula, kompyuta ndiyo inayopiga kura. Ndipo tukapata lile neno "vifaranga vya kompyuta". Watu niliowaheshimu, wengine wahandisi, walisambaza grafu ile kama ushahidi tosha.

Fikiria pilau. Ukiikoroga vizuri ukachota kijiko kimoja, utajua chumvi ya sufuria nzima, na kijiko cha kumi kitakuwa na ladha ileile. Sasa fikiria biriani: wali uko huku, masala yako kule, ukichota juu unapata mchele mtupu. Kura zikija kwa mikoa, leo Nyanza kesho Kati, ni biriani. Pengo litaruka kama chura. Zikija kutoka vituo vya nchi nzima kwa wakati mmoja, ambavyo ndivyo mitambo ile iliyotawanywa kila kaunti ilivyopaswa kufanya kazi, ni pilau. Pengo litatulia mapema na kubaki palepale. Kwa hiyo mstari ulionyooka haukuwa ushahidi wa wizi.

Jubilee walipofika hapo wakashangilia, na wao wakakosea. Kwa sababu mwizi naye akiandika fomyula atapata mstari ulionyooka. Grafu ile haikusema lolote kwa upande wowote. Cha kuangalia kilikuwa fomu za karatasi, na hapo ndipo IEBC ilipokwama: ilitangaza mshindi bila kuwa na Fomu 34A zote mkononi, na Mahakama ya Juu ilipoamuru pande zipewe nafasi ya kusoma kumbukumbu za seva, kusoma tu, tume haikutii ipasavyo. Tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne dhidi ya wawili wakafuta uchaguzi ule. Sababu yao ilikuwa utaratibu uliokiukwa, fomu na seva zilizofungwa, mambo ambayo hayakuhitaji grafu yoyote.

Mnaona shida? Mtu wa NASA alikuwa na hoja mbovu ya hisabati na lalamiko halali. Mtu wa Jubilee alikuwa na jibu zuri la hisabati na akalitumia kufunika lalamiko halali. Nani hapo ni hoja na nani ni hisia?

Siku ileile Rais Uhuru alisimama sokoni Nairobi akawaita majaji wakora. Msomi, mwana wa msomi, kiongozi wa serikali yenye wachumi na mawakili wa kila aina. Kumbe hata wenye "hoja" wakikanyagwa kidole wanapiga kelele kama sisi.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda na kuuogopa kwa pamoja. Mwaka 2013 Dan Kahan wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake waliwapa Wamarekani jedwali la namba kuhusu mafuta ya kutibu upele: je, yanasaidia au yanadhuru? Hesabu yenyewe ilikuwa ya mtego kidogo, na kama ulivyotarajia, wale wanaojua hesabu walifanya vizuri zaidi. Halafu wengine wakapewa namba zilezile, lakini safari hii jedwali linahusu sheria ya kuzuia bunduki, jambo linalogawa vyama kule kwao. Hapo wanaojua hesabu walipata jibu sahihi pale lilipopendeza chama chao, na pale lisipopendeza wengi wakalikosa. Na tofauti kati ya vyama ilikuwa kubwa zaidi kwa wale wenye hesabu kali kuliko kwa wasiojua.

Soma tena sentensi hiyo kama wewe ni mtu wa kompyuta. Ukali wa hesabu haukuwakinga. Uliwapa nguvu zaidi za kutetea walichokuwa wamekiamini tangu asubuhi. Jibu likikupendeza unasimama hapo. Lisipokupendeza unatafuta kosa hadi ulipate. Ndiyo maana mimi nikimsikia mtu akijisifu kwamba yeye ni wa "data tu", huwa naangalia mfuko wangu.

Basi kuna kipimo gani? Kipo kimoja ninachokiamini, nacho ni cha kiprogramu kabisa. Badilisha majina. Chukua hoja yako, toa "Raila" weka "Ruto", toa "Ruto" weka "Uhuru", halafu uisome kwa sauti. Kama bado unaiamini, ni hoja. Kama imekukaa vibaya mdomoni, hukuwa na hoja, ulikuwa na mtu.

Jaribu na Mahakama ya Juu. Mwaka 2017 upande wa Raila uliisifu kama mahakama ya mfano Afrika, na upande wa Uhuru na Ruto ukaiona ni mapinduzi ya watu wachache. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama ileile ikakubali ushindi wa Ruto kwa kauli moja. Sasa upande wa Ruto ndio uliogundua hekima ya majaji, na upande wa Raila ndio uliogundua udhaifu wao. Jaribu na "kubalini msonge mbele", maneno ya Jubilee ya 2013. Jaribu na mapatano: tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na Raila walipopeana mikono, watu wa Ruto walisema upinzani umenunuliwa na wananchi wameachwa yatima. Kati ya Julai na Agosti 2024 watu wa ODM, akiwemo gavana wetu wa zamani Hassan Joho, wakaingia baraza la mawaziri la Ruto, na Machi 2025 Raila na Ruto wakatia saini makubaliano ya vyama vyao. Hoja zote zikahama nyumba usiku mmoja. Aliyekuwa akisema "upinzani umenunuliwa" akaanza kusema "ni umoja wa kitaifa", na aliyesema "umoja wa kitaifa" akaenda kinyume.

Wanaoandika programu watanielewa nikisema hivi: kuna kigeu kinachobeba thamani yake chenyewe, na kuna kielekezi, ambacho hakina thamani, kinaonyesha tu mahali. Mahali pakibadilika, kielekezi kinakupa jibu jingine bila wewe kuandika mstari mpya. Maoni mengi ya kisiasa tuliyokuwa tukigombania hapa Bamburi yalikuwa vielekezi. Yalionyesha kwa mtu. Raila alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, kwenye baraza nyingi kukawa na kimya cha kweli, cha majonzi, na ndani yake kukawa na kimya kingine: watu hawajui tena wabishane kuhusu nini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kikokotoo hakiwezi, kwa sababu wasomaji wengine wataondoka hapa wakidhani dawa ni kubadilisha majina na kuhesabu vizuri.

Vuka feri hadi Likoni. Shamba la Waitiki, ekari 930. Evanson Waitiki alilikimbia wakati wa machafuko ya 1997, wenyeji wakaishi humo, wakajenga, wakazaa. Serikali ikalinunua, na Januari 2016 Rais Uhuru akaja kugawa hatimiliki. Kila kaya ikaambiwa ilipe shilingi 182,000, pole pole. Ubishi ukalipuka, Jubilee huku na ODM kule.

Hoja ya Jubilee ilikuwa na mantiki safi. Kiwanja Likoni kwa bei hiyo ni bure, benki haikupi mkopo bila hati, chukua hati ujenge. Piga hesabu utakavyo, inakubali. Hoja ya upande wa pili ilikuwa fupi zaidi: siwezi kununua ardhi ya babu yangu. Nayo mantiki yake haina kasoro. Ukianza na sentensi kwamba ardhi ni yako, basi bei yoyote, hata shilingi mia, ni kubwa mno.

Tofauti iko kwenye mstari wa kwanza wa programu, ule unaotangaza nini ni nini, na mstari huo hauandikwi na hesabu. Unaandikwa na historia: sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 iliyofanya ardhi ya Pwani isiyoandikishwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza, mabibi na mababu ambao hawakuandikisha kwa sababu hawakujua kuna daftari. Ukimwambia mtu huyo "wacha hisia," umemwambia afute mstari wake wa kwanza akopi wako. Hatafanya. Hata mimi nisingefanya. Hapo cha kujadiliana ni mstari wenyewe, na huo unajadiliwa kwa kusimuliana, kwa uchungu, kwa kusikilizana, taratibu sana kuliko kompyuta inavyopenda.

Na hasira nayo isidharauliwe. Juni 2024 vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha kuliko wabunge wengi walivyousoma. Wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakatengeneza hata programu ya akili mnemba unayoiuliza kuhusu mswada ikakujibu. VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 2.5 kwenye magari, walivijua kwa vifungu. Walikuwa na hasira na walikuwa na vifungu, vyote pamoja, na wakakataa kuulizwa ni chama gani. Hasira ndiyo iliyowafanya wafungue waraka ule mrefu. Nani hufungua waraka kama ule kwa raha zake? Wengine hawakurudi nyumbani tarehe 25, na kesho yake rais akasema hatautia saini.

Kwa hiyo msimamo wangu, kama mtu ataniuliza pale Mtamboni, ni kwamba hisia inakuonyesha wapi pa kutafuta mdudu, na hesabu inakuambia kama yupo au hayupo. Mzee wa kahawa alikuwa na kila sababu ya kutafuta. Kwenye ile 0.01 hakuwepo, akakubali, na kukubali kwake mbele ya watu kulinipa heshima kwake kuliko wasomi wengi.

Kilichosaidia kweli 2022, nadhani, hakikuwa hotuba ya mtu. Ni kwamba IEBC iliweka Fomu 34A za vituo 46,229 kwenye tovuti ya umma, kila mtu apakue ajumlishe. Tuliona kichekesho kwa siku kadhaa: kituo kimoja cha televisheni kinamuonyesha huyu anaongoza, cha pili kinamuonyesha yule, saa ileile, kwa sababu kila kimoja kilichota fomu kwa mpangilio wake. Biriani! Lakini mwisho wa siku kila mwenye shaka alikuwa na mahali pa kuipeleka shaka yake. 2007 hakuwa napo, akaipeleka barabarani.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Tume ina mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, aliyeapishwa Julai 2025, na tayari nasikia watu wakiamua matokeo yake yatakuwa ya kweli au ya uongo kabla hata ya wagombea kujulikana. Sisi waandishi wa programu tuna desturi moja nzuri: kuandika jaribio kabla ya kuandika programu. Unasema mapema, nikiona hivi nitakubali inafanya kazi, nikiona vile nitajua imeharibika. Ukiandika jaribio baada ya kuona jibu, utaandika lile litakalopita.

Pendekezo langu kwa Bamburi ni dogo. Watu wawili wawili, mmoja wa chama hiki na mmoja wa chama kile, wanaojuana, wakae mapema waandike kwenye karatasi moja: tukiona nini tutakubali, tukiona nini tutakataa. Wote wawili watie saini. Usiku wa kura waende pamoja kwenye kituo chao. Fomu 34A hubandikwa hapo hapo kituoni baada ya kuhesabu. Waipige picha kwa simu zote mbili, kabla upepo wa bahari haujaing'oa. Halafu walinganishe na ile ya kwenye tovuti. Kituo hakizidi wapiga kura 700, namba ni chache, hata mtu aliyeacha shule darasa la nne ataweza. Wadi yetu ya Bamburi haina vituo vingi kiasi cha kushindwa, na tukimaliza hapa tunavuka Mtopanga na Shanzu.

Programu ya kupokea picha hizo na kuzipanga kwa kituo haihitaji zaidi ya mistari mia mbili. Mimi nitaiandika, na kodi yake yote nitaiweka wazi. Natafuta mtu mmoja wa kuikagua mstari kwa mstari, na sharti langu ni moja tu: awe wa chama ambacho mimi sikipigii kura. Yule fundi wa simu nishamwambia. Amesema atafikiria.